Chumba Tulichoambiwa Tusipige Picha

Nilisikia. Kwa miaka mingi nimeapa kwamba sikusikia, nikausingizia upepo, lakini nilimsikia vizuri kabisa yule mama aliyetuongoza akisema kamera ziwekwe chini.

Tulikuwa kwenye magofu ya Wapueblo wa kale, wenyeji asilia wa kusini-magharibi mwa Marekani, mimi na dada yangu, likizo yetu ya kwanza pamoja tangu tuhamie Toronto. Yule mama alikuwa Mpueblo. Nyumba zile za mawe zilijengwa na mababu zake. Kwenye chumba cha duara kilichochimbwa ardhini alisimama, akasema maneno machache kwa lugha yake, ndipo akashuka. Mimi niliyelelewa kupiga hodi hata penye nyumba tupu nilielewa anachofanya. Nikabaki nyuma, nikapiga picha moja. Mwanga ulikuwa mzuri mno. Huo ndio utetezi wangu wote.

Picha ile ya nyeusi na nyeupe ilinipa jina. Niliiandikia hata insha, kuhusu ukimya wa watu waliotoweka, ilhali mmoja wao alikuwa ametuuzia maji ya kunywa asubuhi ileile.

Mwaka huu ikatundikwa kwenye maonyesho mtaani Parkdale, hapa Toronto, ukutani mbele, mahali ambapo nilikuwa nikipaota. Dada akaja kutoka Etobicoke, bado amevaa sare ya unesi, akaitazama.

"Si kile chumba tulichokatazwa?"

"Tulikatazwa baadaye, dada."

"Mdogo wangu, nilikuwa pembeni yako. Nilikukanyaga mguu makusudi."

"Nilidhani umejikwaa."

"Na shule yote hiyo," akasema, akaenda kutafuta sambusa.

Watu walikuja kunipongeza. Niliwashukuru nikitazama viatu vyao.

Kesho yake nilipiga simu kwenye ofisi ya kijiji cha yule mama, nikiomba kimoyomoyo awe ameshaacha kazi. Wakaenda kumwita. Nikamweleza yote, hata insha. Nilitegemea aseme yamepita, nami nibaki na ukuta wangu.

Badala yake akauliza:

"Bado imetundikwa?"

"Ndiyo."

"Sasa hivi, tukiongea, watu wanaiangalia?"

"Walifungua saa nne. Ndiyo."

"Basi nenda ukaishushe," alisema, bila hasira. "Ukimaliza nipigie, tuzungumze habari ya filamu yenyewe, ule mkanda wa kamera unaoweza kuchapa nyingine."