Laptopu ya Marehemu Mwalimu

Laptopu ililetwa kibandani kwangu Kibiti imefungwa ndani ya kanga. Mwanamume aliyeileta alitoka Mohoro asubuhi ileile. Ilikuwa ya kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliyefariki mwezi uliotangulia, na sasa ilikuwa apewe binti wa marehemu aliyepata nafasi ya chuo. Lakini ilikuwa haiwaki. Ilionyesha nembo, ikazungusha kile kiduara chake, ikazima.

"Piga windo mpya tu, fundi," aliniambia. Ndivyo watu wanavyosema: kufuta mfumo wa zamani wa kompyuta na kuweka mwingine.

Ufundi huu sikuusomea darasani. Nilijifunza kwa kusoma maelezo, kuharibu vyombo vyangu mwenyewe na kurudia. Ndiyo maana nina utaratibu, na kabla ya kufuta lazima niulize kilichomo. Niliitoa diski nikaiunganisha na mashine yangu. Ilisomeka, ila kwa kujikongoja. Kunakili kila kitu kungeendelea mpaka kesho yake. Nikamweleza hivyo, nikamwomba ampigie mjane wa marehemu, amuulize kama kuna kitu anachotaka kibaki.

"Fundi, shemeji yangu yuko eda. Nimpigie mtu aliye eda nimuulize habari za kompyuta?"

"Swali moja tu."

"Nyie watu wa bara mna maswali kama trafiki." Akacheka, nami nikacheka, maana nimeishi Kibiti miaka mingi na bado ni mtu wa bara. "Humo mna mitihani ya watoto na barua za shule. Futa. Gari ya Mohoro hainisubiri mimi."

Kwetu ningesisitiza. Hapa najua kwamba mjane hukaa ndani mpaka eda yake iishe, na ndugu za mume husimama mlangoni ili asisumbuliwe. Ni heshima, na si mimi wa kuivunja. Nilinakili mitihani na barua, nikafuta, nikaweka mfumo mpya. Kazi ilikwenda vizuri kabisa.

Laptopu ilipowaka, akapiga simu nyumbani kutoa habari njema. Nilisikia sauti ya mwanamke ikiuliza kitu. Uso wa mteja wangu ukabadilika. Akanipa simu.

"Fundi, pole na kazi. Zile hadithi zake zipo?"

"Hadithi gani, dada?"

"Alikuwa anajirekodi, anasoma hadithi za darasa la kwanza. Anakaa barazani peke yake anausomea ukuta, mimi namcheka. Simu yake ilikufa kabla yake. Sauti yake imebaki humo tu."

Nikasema nitajaribu. Shemeji yake akaiacha gari iondoke. Alikaa kwenye benchi, mikono magotini, akinitazama kama watu wanavyomtazama daktari. Nilitaka kumwomba asinitazame hivyo.

Diski iliyofutwa ni kama bonde baada ya mafuriko: mipaka ya mashamba imepotea, udongo upo. Ungeweza kurudi ukakisia, hapa palikuwa pa fulani. Lakini mfumo mpya nao ni mafuriko mengine. Unatua unapotaka, na ulichofunika umekifunika. Niliendesha programu ya kutafuta mabaki. Ikaleta vipande vingi visivyo na majina. Nikafungua vya sauti, kimoja baada ya kingine. Mkwaruzo. Mkwaruzo. Kimya. Jua likahamia upande wa pili wa soko, na mimi sikuwa na la kufanya ila kubonyeza kinachofuata.

Kimoja kikalia. Jogoo aliwika. Karatasi ikageuzwa, mtu akakohoa kusafisha koo. Kisha, kwa mbali, mwanamke akaita: "Mwalimu, chai inapoa!" Kikaishia hapo.

"Huyo siye," shemeji alisema polepole. "Huyo ni mkewe." Halafu akasema, "Rudia."

Nikarudia. Tulisikiliza wote wawili tumeinama, kana kwamba safari hii kingeendelea mbele.

Vingine vyote vilikuwa mkwaruzo. Nikampigia mjane, nikamwambia ukweli: hadithi hazipo, nimepata kipande kimoja, na hakina neno hata moja la mumewe. Nikaisogeza simu kwenye spika, nikabonyeza.



"Anayekohoa ndiye," mjane akasema.

"Ndiyo, dada."

"Alijibuje?"

"Imekatika hapo."

"Alisema nakuja. Kila siku nakuja, nakuja, chai tunaimwaga." Akacheka kidogo. "Hebu tena, fundi."

Shemeji yake alikuwa ametoka nje, amesimama akiangalia barabara ambayo gari yake ilishapita. Nikabonyeza tena.