Sikukuu Haina Mwaliko

Kwetu Serbia kila nyumba ina mtakatifu wake, na siku yake ikifika mlango huwa wazi. Hakuna anayealikwa. Kumwalika mtu ni kama kumwambia kwamba siku nyingine hatakiwi.

Vukosava, jirani yetu, alishona mashati kiwandani tangu usichana wake. Kiwanda kilipouzwa, wafanyakazi waliomba wauziwe wao kwa pamoja, wagawane faida. Wakachekwa. Akauziwa Ratomir, mtoto wa mtaa wetu, peke yake, kwa bei ya kutupa. Akauza mashine, akajenga jumba mlimani lenye ukuta mrefu. Sisi vijana tukatawanyika kutafuta riziki. Mimi nabandika vigae Vienna. Mpaka leo nasema lile ombi lilikuwa la haki, na Ratomir ningemtoza kodi mpaka kila mshonaji apate mkate wake.

Ratomir alikulia mlango wa pili kwa Vukosava. Kwa hiyo Novemba, siku ya mtakatifu wa kina Ratomir, mama huyu alipanda mlima na maua, kama alivyozoea enzi za mama yake Ratomir. Getini mlinzi akamzuia.

"Umealikwa, mama?"

"Tangu lini mtu akaalikwa sikukuu, mwanangu?"

Kijana akainamisha macho, akasema ndiyo amri aliyopewa. Ndani muziki ulikuwa unapigwa. Vukosava akayaacha maua chini, akashuka. Aliniambia kilichomuuma ni kufanywa mgeni na Ratomir, mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfuta kamasi.

Desemba ikawa zamu yake, siku ya Mtakatifu Nikola. Marehemu mumewe alikuwa akisema nyumba isiyopata mgeni siku hiyo imeshakufa. Akachemsha ngano ya sukari, akapika samaki na maharage, akawasha mshumaa, akapanga sahani, akaacha mlango wazi ingawa theluji ilikuwa inaingia. Mchana kutwa hakuja mtu. Majirani wamehama au wamekufa. Alikaa na gauni lake zuri, mpweke, akaanza kuongea na sahani.

Jioni akasikia hatua. Alikuwa yule mlinzi, kofia mkononi, hajui aanzie wapi.

Vukosava akamtazama sana. "Umealikwa?"

"Hapana, mama."

"Basi pita. Ndivyo watu wanavyokuja."

Kijana akala ngano, akala samaki, kisha akaomba radhi kwamba zamu yake inaanza. Alipoondoka, Vukosava akazima mshumaa kwa divai, kama ilivyo desturi, akaosha sahani moja.