Faiba kwa Nyumba Ambazo Hazijajengwa

Kazi yangu ni kuchora njia za faiba, nyaya za intaneti zinazopita chini ya ardhi. Wengi huwaona mafundi barabarani na fulana zao za kung'aa, wakichimba mtaro na kufukia mabomba, wakadhani kazi imeanzia pale. Lakini kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, kuna mtu ameshakaa na ramani akaamua bomba lipite wapi, liwe nene kiasi gani, na nyumba ipi ivutiwe waya kutoka kisanduku kipi. Mtu huyo ni mimi, na haya ninayoyaeleza yalitokea nilipopewa kuchora Zinga, kata niliyozaliwa, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo.

Mkuu wangu wa kitengo alikuwa bwana mpole wa maneno, mgumu wa bajeti. Alinipa picha iliyopigwa kutoka angani na maelekezo mafupi: nihesabu mapaa, niongeze akiba kidogo, nimrudishie mchoro. Ndivyo tulivyofanya kila mahali, na kwa mitaa ya Dar iliyokwisha kujaa hapakuwa na tatizo.

Niliiweka picha ile kwenye kompyuta nikaitazama kwa muda mrefu. Upande wa pili wa barabara ya lami, nyuma ya msikiti, ilionyesha vichaka vitupu. Mimi nilijua si vichaka. Ni viwanja vya watu. Kwetu nyumba haijengwi kwa mara moja. Mtu hununua kiwanja, akafyatua matofali, akayapanga yakae. Mwaka mwingine anamwaga msingi, mwaka mwingine anapandisha kuta hadi kwenye renta, juu ya milango na madirisha, kisha anasubiri tena hadi apate bati. Picha ya angani haioni nyumba mpaka iwe na paa.

Nikaomba ruhusa ya kwenda kutembea.

Nyumba ya kwanza niliingia peke yangu, nikiwa na kitambulisho kifuani. Mwenyewe, mzee wa makamo, alinisikiliza hadi nilipouliza nani atajenga kwenye kiwanja cha nyuma. Hapo akasema ardhi yake haiuzwi, akaniaga kwa adabu, akarudi ndani. Nyumba ya pili mambo yakawa yale yale. Sikuwalaumu. Pwani yetu imepitiwa na wapimaji wengi, na si wote waliokuja kwa heri.

Mama yangu aliposikia, alicheka kwanza, kisha akanifundisha kazi yangu. Alisema nimekuwa nikiuliza habari za ardhi nikiwa nimesimama, kama askari. Asubuhi iliyofuata alivaa baibui akatoka na mimi.

Tulianza upya kwa yule mzee. Mama alipiga hodi, nikatoa shikamoo, tukakalishwa kwenye mkeka. Alimuuliza hali ya mkewe aliyekuwa akiumwa miguu, wakazungumza juu ya mihogo iliyoliwa na nguruwe, na mimi nikanyamaza. Kisha mama akasema, kana kwamba amekumbuka njiani, kwamba binti yake anapitisha intaneti na anataka kujua njia asije akaiacha familia ya mtu nje.

Mzee akanigeukia. "Kumbe ndiyo hivyo? Mbona jana hukusema?"

Akasimama mwenyewe akatuonyesha. Pale chini ya mnazi uliokatika ni pa mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi Msata. Kule kwenye matofali ni pa binti yake. Pale karibu na chemchemi hapajengwi, maji hujaa masika. Hilo la mwisho lilikuwa na faida kuliko yote, maana nilikuwa nimepanga kupitisha bomba hapo hapo.

Tulitembea hivyo siku kadhaa. Kila palipokuwa na msingi, au matofali yaliyopangwa, au mtu aliyesema kwa uhakika kwamba hapa mwanangu atajenga inshallah, niliweka nukta. Mwishoni tulifika shambani kwetu. Mama akasimama kwenye kona ya mikorosho.

"Na hapa weka," akasema.

"Hapa anajenga nani?"

"Wewe."

Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Marehemu baba aliacha maneno kwamba kona ile ni yangu, na mama alikuwa amekaa nayo akisubiri nitulie na kazi. Nilitia nukta kama zile nyingine. Kisha nikajifanya naangalia mikorosho, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

Mchoro wangu mpya ulikuwa na nukta karibu mara mbili ya ule wa mapaa. Mkuu aliutazama, akavua miwani.

"Matofali hayatumii intaneti," akasema.

Nilimweleza nilivyoweza. Uzi wa faiba ni kioo chembamba kama unywele, na mwanga unaopita ndani yake leo ni sehemu ndogo tu ya unachoweza kubeba. Watu wakihitaji kasi zaidi huko mbele, tutabadilisha mitambo iliyo kwenye ncha zake mbili na kuuacha uzi ulivyo. Lakini nyuzi zikiwa chache, au bomba la chini ya lami likijaa, hakuna mtambo utakaotuokoa. Itabidi kuomba kibali upya, kutoboa upya, kuwasumbua watu upya. Nilimwambia akiba ya kweli si kasi, ni nafasi. Hakukubali, hakukataa. Nilimwomba aje aone kwa macho yake.

Alikuja. Alitembea na viatu vyake vya ofisini kwenye mchanga, hakulalamika. Tulimkuta mama mmoja akimwagilia maji matofali yake mapya yasipasuke. Mkuu akamuuliza atahamia lini. Yule mama akamjibu kwamba hilo analijua Mwenyezi Mungu, lakini yeye matofali hamwagilii kwa kujifurahisha. Mkuu alitabasamu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akitazama dirishani, akihesabu misingi kimya kimya. Niliona midomo ikicheza.

Sikupata nilichoomba chote. Visanduku vya kugawa nyuzi viliwekwa penye nyumba zilizokuwepo tu. Lakini kebo kuu ilinenepeshwa, na chini ya lami, badala ya bomba moja, yakapita matatu: moja lenye kebo, mawili matupu yenye kamba ndani ya kuvutia kebo siku za usoni. Kwenye kila chemba, kishimo chenye mfuniko cha kuifikia kebo, tuliacha kebo ya ziada imezungushwa. Msimamizi wa wachimbaji aliniuliza kwa nini tunafukia mabomba ya hewa. Nilimwambia yana wenyewe, hawajafika.

Siku ya kuunganisha nilikaa kwenye hema dogo kando ya barabara, nikimtazama fundi akisafisha ncha za nyuzi kwa spiriti, akizilaza kwenye mashine, na mashine ikizichomelea zikawa uzi mmoja. Kipimo kilipoonyesha kwamba mwanga umefika vizuri upande wa pili, fundi alisema tu "imekubali," akashika uzi mwingine.

Miaka ikapita. Upande ule wa msikiti ukaanza kupata mapaa, moja moja, kisha kwa mkupuo. Likaja duka la dawa, ikaja shule ya watoto wadogo, akaja kijana anayeshona sare na kupokea oda kwa simu. Maombi ya kuunganishwa yakazidi nyuzi zilizokuwepo upande ule. Tukafungua chemba, tukafunga kebo mpya kwenye kamba, tukaivuta chini ya lami. Malori na mabasi yalipita juu yake bila kupunguza mwendo. Hapakuwa na vumbi wala mtu aliyezungushwa njia. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemaliza, na wapita njia hawakujua kama kuna lililofanyika.

Mama alikuja kutuletea uji. Akatazama mfuniko wa chemba ukirudishwa.

"Ndiyo kazi yenyewe? Mbona hamjachimba?"

"Tulishachimba zamani, mama."

Akawageukia mafundi wangu, watu asiowajua, akawaambia, "Huyu aliwauliza watu kwanza." Akaanza kugawa vikombe.

Nimewahi kupewa cheti kazini, na nimewahi kupigiwa makofi ukumbini. Sikusikia kifua kikijaa kama nilivyosikia pale, nimeshika kikombe cha moto kando ya barabara ya kwetu.

Siku hizi kitengo chetu hakichori kata mpya kabla mtu hajaitembea kwa miguu. Mkuu ndiye aliyeagiza hivyo, na hakuhitaji kunitaja. Mwezi huu nipo Mkange, njia ya kwenda Saadani, ambako nyumba ziko mbali mbali na wazee wengine huchanganya Kizigua ninachokielewa nusu nusu. Nimepata mwenyeji, mama mtu mzima anayejua kila kiwanja. Kesho tunaanzia kwake.