Barua Iliyosainiwa kwa Jina

Barua yake ya kuomba kufunguliwa mapema ilirudishwa kwa sababu aliisaini kwa jina lake. Mimi ndiye niliyemwambia asaini.

Nilikuwa nikifundisha kusoma na kuandika upande wa wanawake wa gereza, alasiri mbili kwa juma, nikitoka nyumbani, mtaa wa Musaga, kwa miguu. Darasa lilikuwa kibaraza nyuma ya chumba cha kushonea. Mvua ikikatika, mvuke ulipanda uani, vyerehani vikanguruma taratibu kama watu wanaoongea usingizini, na vumbi la chaki likaelea mwangani bila haraka ya kutua. Saa hizo nilisahau ukuta. Nadhani wanafunzi wangu nao waliusahau.

Mwenye barua alikuwa mama wa makamo, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka mtaa wa Kinama, wa mwisho darasani kushika herufi. Alipozishika hakuziachia. Aliandika jina lake hewani kwa kidole, kwenye unga uliomwagika, kwa uzi mwekundu pembeni mwa kitenge.

"We mama, utaandika mpaka juu ya maharagwe?" jirani yake wa benchi alimtania.

"Nitaandika. Na we utayakula."

Bintiye alikuwa amejifungua, naye alitaka kumbeba mjukuu angali mchanga. Hiyo ndiyo sababu ya barua. Ilipokuwa tayari, mlinzi alimletea wino wa kupigia igikumu, ile alama ya kidole gumba ya wasiojua kuandika. Mama akausukuma kando.

"Apana. Kidole ni ya zamani. Mwalimu, mi niandike?"

"Andika, mama."

Aliandika polepole, ncha ya ulimi ikiwa nje. Vyerehani vilikuwa vimenyamaza. Sikumbuki vilinyamaza lini.

Barua ilirudi baada ya majuma kadhaa. Nilitaka kumsomea, akanipokonya, akafuata kwa ukucha maneno ya karani aliyeirudisha. Yalisema kwamba katika dosiye nzima, yaani jalada la kesi yake, tangu kukamatwa hadi hukumu, mwombaji hajui kuandika, na alama yake ni kidole gumba. Sahihi hii, basi, ni ya mtu mwingine.

Alinirudishia karatasi.

"Sasa mwalimu, niwaambie nimesahau kuandika?"

Jirani yake alicheka, kisha akaacha. Mlinzi alisema kidole peke yake kingepita upesi. Mimi sikuwa tena na ujasiri wa kushauri. Mama alitazama karatasi mpya kwa muda mrefu, akaandika jina, kisha akachovya gumba na kulibandika chini yake. Niliambatanisha maelezo yangu kwamba nimemfundisha mwenyewe.

Tangu hapo karani yule amehamishwa. Aliyechukua nafasi yake anasema barua ya pili ameiona. Dosiye ya kuilinganisha nayo ndiyo hajaipata.