Bwana Harusi wa Getini

Watu wa mtaani kwetu humwita mama yangu mdogo Pasi. Wanaomjua juu juu hudhani ni kwa sababu ya kazi, maana alipiga pasi mashuka ya gesti tangu akiwa msichana mpaka mgongo ulipomgomea. Waliowahi kumuudhi wanajua jina hilo lina sababu ya pili. Mimi namwita Ma'mdogo, ingawa ndiye mama pekee ninayemkumbuka. Mama yetu, dada yake, alifariki mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, na yeye akatuchukua, mimi na kaka yangu, akatulea. Hakuolewa wala hakuzaa. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wakishasikia hivyo huona wamemaliza kumjua, na hasira yangu yote inaanzia hapo.

Mitende aliipanda kwa kokwa. Mgeni mmoja wa gesti aliacha pakiti ya tende kitandani, Ma'mdogo akaileta nyumbani, sisi tukaifagia. Tulipomaliza akatukinga kiganja mdomoni, mmoja mmoja, tuteme kokwa. Akaziloweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Mtende wa kokwa ni bahati nasibu: huwezi kujua ni dume au jike mpaka uchanue, na kuchanua kwenyewe ni kazi ya miaka. Iliyopona ilikuwa minne. Mitatu aliipanda kando ya ukuta wa nyuma, mmoja akauweka mbele, karibu na geti.

Aliilea kama alivyotulea sisi, kwa makelele na kwa mkono. Maji ya suuzo la mwisho, yale yasiyo na sabuni, yalikuwa ya mitende, na ole wako uyamwage. Kuti bichi halikatwi. Alisema kulikata ni kuunyang'anya mti chakula mdomoni, kwa hiyo alikata yaliyokauka tu. Miiba ya makuti ya chini aliivunja yote kwa koleo ili isituchome macho tukicheza. Na tende zilipoanza kunona alizivika foronya kuukuu za gesti ndege wasizidonoe, hata wapita njia wakawa wanauliza kwa nini mama huyu anaanika nguo juu ya miti.

Ule wa getini ulipochanua, ulitoa maua meupe yenye unga, yakapukutika, basi. Hakuna tende. Mwaka uliofuata, vivyo hivyo. Majirani wakamshauri aukate. Hata ile mitatu ya nyuma, iliyokuwa majike, ilitoa vitu vidogo vikavu visivyo na kokwa ambavyo hata kuku walivipita. Ni mama mmoja mgeni wa gesti, aliyekuja mjini kutibiwa macho, ndiye aliyemweleza Ma'mdogo kwamba dume hazai lakini bila yeye hakuna anayezaa, na kwamba usitegemee upepo, upandishe mwenyewe, yaani uwapelekee majike unga wa dume kwa mkono wako.

Kuanzia hapo kila msimu ulikuwa na siku yake. Karara la dume, yaani ile ala ngumu inayofunika maua, likianza tu kupasuka, Ma'mdogo anatoa vishada vichache, anakwenda navyo nyuma kama mtu aliyebeba mayai, anapanda ngazi. Anakipachika kila kishada katikati ya maua ya jike, kichwa chini, anafunga kwa uzi wa kushonea bila kuukaza. Anashuka akiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Mimi nilishika ngazi upande mmoja na kaka yangu upande wa pili. Naomba hilo likumbukwe: kaka yangu aliishika ngazi ile.

Mtende wa getini akaubatiza Bwana Harusi, kwa vile ulivaa nyeupe mara moja kwa mwaka. Majirani walimtania eti amepata mume hatimaye. "Tena mume mzuri," alikuwa akijibu. "Hajawahi kuniuliza chakula kiko wapi."

Tende zilipojaa ndoo, mtaa mzima ukataka mitende. Aliwagawia miche bure. Na mtaani kote ikawa hivyo hivyo: mti ukichanua dume, unakatwa, maana hauna faida, na kwa Pasi si lipo dume? Msimu ukifika wanabisha hodi na sauti za asali, jina la Pasi wameliacha kwao. "Ma'mdogo, tunaomba kishada." Mti mmoja ulihudumia nyua zote. Aliwapa, na bado wengine walipotoka hapo walimsengenya kwamba anaipenda miti kwa sababu hana wa kumpenda. Tende zake wamezila, lakini.

Sasa kaka yangu. Nyumbani tunamwita Bosi, jina alilopewa tangu chekechea kwa kupenda kuamrisha. Anauza matairi, na biashara imemkubali. Bibi yetu, mama yake Ma'mdogo, alipofariki, nyumba tuliyokulia ilibaki kwa Ma'mdogo. Bosi akahamia na mkewe, "kumtunza mzee wetu". Kumtunza kulianza na kiti chake kuondolewa sebuleni kwa sababu hakikuendana na makochi. Ikafuata meza yake ya kupigia pasi. Halafu kitanda kikahamishiwa chumba cha uani, eti huko kuna hewa. Mwenye nyumba akawa mtu wa uani, na kila hatua ilifanywa kwa tabasamu, akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, hata ukikasirika unaonekana wewe ndiye mkorofi. Mimi naishi mtaa wa tatu. Nilikasirika, nikaonekana mkorofi.

Kisha Bosi akanunua gari la pili, pana kuliko akili zake. Geti likawa jembamba. Jumapili moja tulikuwa mezani sote, Ma'mdogo ameshatumiminia chai, Bosi akatangaza kwamba analipanua geti na kwamba mtende wa mbele utaondoka.

"Huo hauondoki," Ma'mdogo alisema. "Ukiukata huo, ile ya nyuma inabaki pambo. Haitatoa hata tende moja. Wala ya majirani."

"Ma'mdogo, mti wenyewe hauzai," Bosi akasema, huku akikoroga sukari. "Mti usiozaa unakunywa maji ya bure tu. Unakaa hapa wa kazi gani?"

Wifi yangu aliacha kutafuna. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, kisha nikatamani impasukie yeye. Mwanamume mzima, aliyelala kifuani kwa mwanamke huyu alipougua surua, anasema neno hilo mbele yake na hata kijiko hakimtetemeki mkononi! Ma'mdogo alisukuma kiti nyuma. Akanyanyua kikombe chake na kwenda kumalizia chai yake uani.

"Umesikia ulichosema?" nikamuuliza Bosi.

"Nimesema kuhusu mti. Wewe nawe unapenda kukuza mambo."

Nilikwenda uani nikamkuta ameegemea ukuta. Nikamwambia asijali, Bosi hawezi kuugusa mti ule bila idhini yake. Akasema, "Anaweza, mwanangu. Kiti changu aliomba idhini?"

Baada ya hapo Bosi akawa mpole ghafla. Geti halikutajwa tena. Akagundua kwamba Ma'mdogo haoni vizuri, jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tukilisema muda mrefu, na akajitolea kumnunulia miwani. Akampeleka mwenyewe kupimwa. Siku ya kuichukua alinipigia simu: yeye ana wateja, nimsindikize Ma'mdogo, nauli juu yake, na tukitoka tule kitu kizuri mjini, tusiwe na haraka. Nikamsifu. Nilimwambia Ma'mdogo njiani kwamba labda kijana wetu ameanza kukua.

Dukani alivaa miwani, akakataa kuivua. Alisoma mabango yote ya barabarani kwa sauti. Aliniambia nina mvi, na kwamba blauzi yangu imepigwa pasi vibaya kwenye kola. Tulicheka mpaka kwenye kona ya mtaa wetu, na hapo akanyamaza, kwa sababu aliona kabla yangu.

Anga la juu ya geti lilikuwa tupu. Kisiki kilikuwa kimekatwa usawa wa ardhi, cheupe kama mkate uliokatwa, na kando yake nyuzi za mti zimetapakaa. Makuti yote mabichi yalirundikwa barabarani yakisubiri lori. Yalikuwamo na makarara, yamevimba, yakikaribia kupasuka; msimu ulikuwa unabisha hodi. Mkata miti alikuwa akifuta msumeno wake wa mashine. Alitusalimia kwa heshima, akauliza kama sisi ndio wenyeji, maana bosi alimwambia kwamba mzee atakuwa hayupo.

Atakuwa hayupo. Miwani ile haikuwa zawadi, ilikuwa njia ya kumtoa nyumbani, na mimi ndiye niliyetumwa kumshika mkono. Na kitu cha kwanza alichokiona sawasawa pale nyumbani, kwa macho mapya aliyonunuliwa, ni kisiki kile. Nimejaribu kumtafutia kaka yangu nafuu katika jambo hili na sijaipata.

Ma'mdogo hakulia. Aliokota makarara, akayapasua kwa mkono, akayakuta tayari yamekanyagwa na kulowa mafuta ya msumeno. Akayarudisha kwenye rundo. Akaingia ndani kwa kupitia lile geti pana.

Jioni nilimsubiri Bosi. Sitayaandika yote niliyomwambia. Yeye alisema nipunguze sauti, majirani watasikia. Nikapandisha. Akasema gharama za macho za mzee nani amelipa? Akasema kuna mitende mitatu nyuma, tena yenye faida, tatizo liko wapi? Akasema, na hapa nilitoka nje nisije nikarusha sufuria, kwamba Ma'mdogo mwenyewe hata hajalalamika.

Kweli hakulalamika. Alichukua kopo la maziwa ya unga, akatia maji, akaloweka kokwa za tende za mwaka uliopita. Kisha zikaingia kwenye vikopo vilivyojaa udongo, vikapangwa dirishani mwa chumba cha uani. Bosi alipoviona alimchekea, akamwambia, "Naona umepata cha kukushughulisha."

Wiki zikapita, majike ya mtaa mzima yakapasua makarara yao. Maua ya jike hayangoji. Yasipopata unga ndani ya siku chache, msimu umekwenda. Jumamosi asubuhi nilikuwa pale nikimsuka Ma'mdogo nywele tuliposikia hodi. Alikuwa fundi viatu wa jirani na ngazi yake begani. Nyuma yake mwalimu wa chekechea. Nyuma yake muuza mkaa na mkewe. Walikuwa wamesimama kwenye geti jipya, wanatazama juu mahali palipokuwa na mti, kama watu walioshushwa kituo kisicho chao.

Mwalimu akaita, "Ma'mdogo, vishada mwaka huu?"

"Muulizeni mwenye geti," Ma'mdogo akajibu kutoka uani, akanikabidhi chanuo niendelee.

Bosi alitoka na kaptula na kikombe. Walimgeukia wote kwa pamoja. Fundi viatu akauliza ni nani aliyemtuma kukata dume la mtaa mzima. Muuza mkaa akasema ana mitende mitano, sasa akaifunge foronya ipate nini? Nilifurahi, sikatai, lakini nikachukia pia, maana wote hao walikuwa na madume na waliyakata wenyewe, kwa maneno yale yale ya Bosi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Ma'mdogo yuko katika hali gani. Walitaka vishada.

"Jamani, nisameheni," Bosi alisema. "Mimi sikujua. Ningejua ningeukata?"

Hapo Ma'mdogo alisimama. Nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, miwani puani. Alitembea mpaka mbele yake.

"Ulijua," alisema. "Nilikwambia pale mezani, na chai yangu ikiwa mkononi mwako. Na kabla ya hapo ulishika ngazi miaka yote ya utoto wako. Usiwaambie watu hukujua. Waambie hukunihesabu."

Bosi alitazama chini. Kisha akasema polepole, "Nisamehe, Ma'mdogo."

"Nimesikia," akasema. Majirani walianza kuondoka mmoja mmoja na ngazi zao, wakiwa hawana pa kuzipandisha.

Alirudi uani. Nilidhani anakuja kumaliziwa nywele, kumbe alifuata vikopo. Kila kimoja kilikuwa na jani moja jembamba lililosimama wima. Alivipeleka getini kwenye beseni la nguo, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa kijembe katikati kabisa ya njia ya gari. Nilipiga magoti nikamsaidia. Tulipanda mstari mmoja, kutoka nguzo hadi nguzo. Bosi alisimama barazani anatutazama, na safari hii alikuwa ameelewa, maana hakuuliza ni vya nini.

"Ma'mdogo," nikamnong'oneza, "dume hujui ni lipi. Na itachukua miaka."

"Nyinyi mlichukua mingapi?" akaniuliza, akaendelea kukandamiza udongo.

Jioni ile, kabla jua halijazama, alimwagia miche yake maji ya suuzo la mwisho. Kesho yake kiti chake kilirudi sebuleni. Bosi alikibeba mwenyewe, bila kutangaza. Ma'mdogo alikikuta, akakitoa, akakiweka barazani, mahali anapoweza kuliona geti vizuri kwa miwani yake. Magari yote mawili yanalala nje barabarani mpaka leo.