Betri Kuukuu Ndani ya Boksi Jipya

Asubuhi moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na si kwa uzuri wake. Ilikuwa Kisondela, kwetu, ukungu umeshuka, ule wa Rungwe ambao unamsikia jirani yako anakohoa na humwoni. Nilikuwa nimesimama njia panda. Nyuma yangu kreti za parachichi zimepangwa, akina mama ishirini na kitu wamejifunga khanga mbili mbili kwa baridi, wananitazama mimi, na mimi naitazama simu. Simu ilikuwa imezima. Punde tu kabla ya hapo ilisema ina chaji asilimia arobaini.

Nikueleze kwa nini simu moja iliwasimamisha watu wazima barabarani. Mnunuzi wetu wa parachichi hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kuandika wasapu. Fuso lake likifika Tukuyu anauliza: mna kreti ngapi, nitumieni picha, jibuni sasa hivi. Ukijibu, fuso linapanda kwenu. Ukinyamaza, linakwenda kijiji kingine, maana parachichi zipo kila kilima. Kikundi kilinichagua mimi niwe mdomo wake, kwa kuwa nilikuwa na simu ya kupangusa na walisema siongopi. Wenzangu wengine walikuwa na vitochi, simu ndogo za kubonyeza, ndiyo, lakini namba ya mnunuzi ilikuwa ndani ya simu iliyolala, na mimi sikuiandika popote. Kosa hilo langu, silikatai.

Niliitia kwapani, nikaipulizia, nikaomba. Ilipowaka, jua limeshachomoza, tulikuta ujumbe: "Kimya chenu nimekielewa. Nimechukua mzigo wa wenzenu."

Parachichi ikishachumwa haina subira, mwanangu. Siku ya nne zilikuwa laini kama shavu la mtoto. Nyingine zililiwa na nguruwe. Nyingine alikuja kuzichukua dalali mmoja, Ambokile, kwa bei ya dharau, na alikuja upesi mno, kama nzi aliyeitwa. Hapo ndipo Tumpe, jirani yangu wa mpaka, tuliyebatizwa siku moja, akasimama katikati ya wenzetu akasema:

"Mnashangaa nini? Kaizima mwenyewe. Kala na Ambokile huyu."

Namtaja kwa jina kwa sababu na yeye alinitaja kwa jina.

Mimi ni mjane. Shule niliishia darasa la nne, nikaenda kuchuma chai ya watu hadi vidole vikawa vyeusi. Mume wangu alipokufa ndugu zake walichukua ng'ombe, wakachukua hata mabati ya zizi. Walichoshindwa kuchukua ni jina langu, kwamba mama Atupele si mwizi. Sasa Tumpe alikuwa amelichukua hilo, mchana kweupe, na hakuna aliyemwambia rudisha. Ndilo nililokwenda kupigania. Simu yenyewe ilikuwa chombo tu.

Simu ile niliinunua Makandana, pale Tukuyu, kwa Gwakisa mwenye duka la simu. Niliuza ndama kuipata. Alinitolea kwenye boksi jipya, ina nailoni yake, akasema, "Mama, hii hata pumzi ya mtu haijaigusa." Miezi mitatu haikuisha, simu ikaanza uvivu. Unagusa herufi, unaweza kumenya ndizi mbili ndipo itokee. Nikamrudia. Akaishika kidogo, akacheka vizuri tu, kwa upole, na watu wa namna hiyo ndio wa kuogopa.

"Mama, hii ni baridi ya kwenu. Simu imezoea joto la Dar. Na umeijaza mapicha ya kwaya. Ipashe pashe moto."

Mwanangu, nilimwamini. Nilikuwa na kikapu cha vifaranga karibu na jiko la kuni. Nikawa naiweka simu mle, kati ya vifaranga, ipate joto. Cheka, usijizuie. Mjinga akierevuka mwerevu yuko mashakani, lakini mimi wakati ule nilikuwa bado sijaerevuka. Naiatamiza simu kama yai.

Basi baada ya Tumpe kusema yake, nikashuka tena Makandana. Duka lilikuwa na wateja. Nikamwambia Gwakisa, simu uliyoniuza imeniharibia, inazima na chaji ikiwemo, naomba unibadilishie.

"Risiti unayo?"

"Ninayo." Nilikuwa naitunza ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani.

"Soma pale chini."

Nikasoma kwa kidole, herufi kwa herufi, wateja wananisubiri kama wazazi siku ya mtihani. MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa."

"Basi, ndaga, asante. Ila kama unataka, niachie hiyo, nikupunguzie kidogo kwenye hii mpya hapa."

Mteja mmoja akacheka kwa pua. Nikaikunja karatasi yangu nikatoka. Sisi tulioishia la nne tuna ugonjwa mmoja, nitauficha wa nini: kitu kikishapigwa chapa, tunaona ni serikali imesema. Ukitaka kutupora, usije na panga, njoo na karatasi yenye muhuri.

Nilikwenda kukaa sokoni kwa bibi Subilaga, mama yangu mkubwa ambaye sote tunamwita bibi, aliyekuwa akiuza ndizi pale tangu mimi nabebwa mgongoni. Nikamsimulia nikilia. Hakunibembeleza. Alichukua karatasi, akaigeuza juu chini, maana yeye hata la nne hakufika, akauliza:

"Haya maneno kaandika nani?"

"Yameandikwa kwenye risiti, bibi."

"Sikuuliza yameandikwa wapi. Nimeuliza kaandika nani. Ni hakimu? Ni mkuu wa wilaya?"

"Ni… mwenye duka."

"Ahaa." Akauvuta mkungu wa ndizi miguuni kwake. "Mimi leo nikikuuzia mkungu huu, ukifika nyumbani ukute katikati umeoza, nikakuambia, tazama, nilibandika kijikaratasi: mbovu hairudishwi. Utanyamaza?"

"Nitakutupia usoni, bibi."

"Sasa yeye ana uso wa namna gani usiotupiwa?" Akanikazia macho. "Umekuja kulia kwangu kwa sababu mimi sikutishi. Machozi hayo uliyapitisha mbele ya duka lake, hukuyamwaga pale. Mficha uchi hazai, wewe mtoto. Kwanza katafute nini kimeoza ndani, ndipo uende. Usiende kugombana na mkungu hujaumenya."

Nilikuwa na miaka arobaini na mitano na aliniita mtoto mbele ya wauza nyanya. Nilistahili.

Karibu na stendi alikuwepo binti fundi simu, Neema, mwenye kibanda chembamba kama kabati. Nikampa. Aliniuliza ilivyokuwa, sikumficha hata habari ya vifaranga, akaziba mdomo asicheke. Alipobonyeza ndani kwenye mipangilio akanionyesha mahali pa afya ya betri: chini kabisa. Kisha akaifungua mbele yangu.

"Mama, tazama skrubu hizi. Zimekwisha kufunguliwa na mtu, vichwa vimekwaruzwa. Na hii betri imevimba kidogo. Soma mwaka uliopigwa chapa hapa."

Nikasoma. Betri ilitengenezwa miaka minne kabla ya siku niliyouza ndama.

"Maana yake nini, mwanangu?"

"Maana yake si mpya. Ilitumiwa na mtu huko, ikaletwa, ikapanguswa, ikatiwa kwenye boksi. Betri ikizeeka, mama, haiwezi kutoa nguvu kwa mkupuo. Simu nyingine ikijua hivyo inajipunguza mwendo yenyewe ili isizime. Ni kama mtu mwenye njaa anapanda kilima na mzigo: anatembea polepole asianguke. Na baridi ikimkuta, ndiyo anaanguka kabisa."

"Kwa hiyo baridi kweli ipo?"

"Ipo. Lakini betri nzima haiangushwi na asubuhi ya Kisondela. Na jiko lako lilizidisha ubovu, sikudanganyi, betri haipendi moto. Ila mwaka huu uliochapwa hapa, si jiko lililouandika."

Sentensi hiyo niliibeba hadi nyumbani kama sadaka. Sikwenda kwa Gwakisa siku ile. Nilikwenda kwa Tumpe. Nikamkuta anapalilia, nikamwambia, "Wewe ulinitangaza bila kuulizwa. Siku ya soko utashuka na mimi Makandana, usikie kwa masikio yako. Usiposhuka, watu wote watajua uliogopa kusikia." Akasonya. Lakini akaja, na wengine sita wakamfuata, maana ugomvi wa bure nani anaukosa.

Bibi Subilaga alifunga biashara yake, naye akaja na mkungu kichwani. Neema alikuja na betri kwenye kitambaa. Tukajaa mlangoni kwa Gwakisa mpaka mwanga wa dukani ukapungua.

"Karibuni akina mama, leo kuna kitchen party?" akasema.

"Leo kuna kumenya," nikamwambia. "Uliniuzia simu mpya?"

"Mpya."

"Hata pumzi ya mtu haijaigusa?"

"Mama, si uliambiwa usome risiti—"

"Nimesoma yako. Sasa soma yangu." Nikamwekea betri kwenye kioo cha kaunta. "Soma mwaka. Kwa sauti, kama nilivyosoma mimi."

Hakusoma. Akasema labda nimebadilishiwa betri na mafundi wa vichochoroni, akamtazama Neema vile wenye maduka ya vioo wanavyowatazama wenye vibanda. Neema akamjibu taratibu kwamba alirekodi video tangu skrubu ya kwanza, akatoa simu yake. Gwakisa akageukia upande mwingine: eti niliichoma na jiko. Nikasema ndiyo, niliipasha, na nani aliniambia niipashe? Hapo Tumpe, Tumpe huyo huyo, akapaza sauti kutoka nyuma: "Kumbe mpaka ushauri ulimpa!"

Bibi Subilaga akautua mkungu wake juu ya kaunta, puu, kioo kikalia. "Kijana, ninunulie ndizi. Zikioza ndani hazirudishwi."

Watu waliokuwa wakipita barabarani walikuwa wameshasimama. Wengine wakaanza kutoa simu zao mifukoni, wanazigeuza geuza. Mmoja akasema, na yangu inaganda, niliinunua hapa hapa. Gwakisa akashuka sauti. Akaniinamia: "Mama, ingia ndani tuyaongee. Nitakuwekea betri mpya, yaishe kimya kimya."

Ndani. Kimya kimya. Mwanangu, haki ya mnyonge mara nyingi inaambiwa ipitie mlango wa nyuma, nayo ikishapita huko inaitwa fadhila. Nikamwambia ndani siingii. Nikamwambia kuna afisa biashara halmashauri, na kuna sheria inayomlinda mnunuzi, sikijui kifungu lakini najua njia ya kwenda kuulizia, na hawa wote tisa wanaijua. "Betri utaiweka hapa hapa nje, ya kweli, Neema aikague. Na utawaambia hawa wenzangu uliniuzia nini."

Gwakisa akawatazama waliojaa mlangoni. Kisha akasema, huku akiangalia viatu vyake: "Simu ilikuwa imetumika. Betri ilikuwa imechoka."

"Kwa hiyo inaweza kuzima asubuhi yenye baridi, na chaji ikiwemo?"

"Inaweza."

Nikageuka nikamtazama Tumpe. Jumapili ndipo alisimama baada ya ibada akasema mbele ya kikundi kwamba alinisingizia, akasema haraka haraka, kama mtu anayemeza kwinini. Walinirudishia kazi ya kushika mawasiliano. Parachichi zilizoliwa na nguruwe hazikurudi, na wapo hadi leo wanaosema lisemwalo lipo. Simu ilipona. Jina lina kovu.

Na Gwakisa? Bado anauza. Maandishi yake bado yapo chini ya kila risiti. Sitakudanganya kwamba nilimmaliza. Ila akimwona mama wa Kisondela anaingia, sasa anasema mwenyewe ipi mpya na ipi imetumika.

Basi shika haya. Si dhambi kununua kitu kilichotumika. Dhambi ni kumuuzia mtu kuukuu kwa jina la mpya. Kabla hujatoa senti yako, mwambie muuzaji afungue mipangilio, akuonyeshe afya ya betri, na asiyetaka kukuonyesha amekwisha kukujibu. Dai aandike kwenye risiti ni mpya au imetumika, na namba ya utambulisho wa simu yenyewe, na siku za dhamana, kwa mkono wake. Simu ikianza uvivu usikimbilie kununua nyingine, huenda ni betri tu inaomba kubadilishwa. Na ukionewa, usiende peke yako wala usiende na hasira mikono mitupu: chukua fundi, chukua shahidi, hata yule aliyekusema vibaya mchukue. Penye wengi hapaharibiki neno. Wakikuita ndani, baki nje. Namba zenye maana kwako ziandike na kwenye daftari, hilo ni langu mwenyewe, nimelilipia.

Na wakikucheka kwa kusoma polepole, soma polepole hivyo hivyo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wasipokupa, kaa mlangoni.

Mungu akuweke, mwanangu. Akupe shingo isiyoinama mbele ya kaunta ya mtu, na ndugu wa kusimama ubavuni mwako siku hiyo, na mchana wenye watu wengi wa kusikia.