Postikadi ya Mtalii na Mpaka wa Baba Mdogo

Jamani, leo baba mdogo kajichongea mwenyewe.

Siku zote anadai jirani yake, Mama Koku, amesogeza emiramura, ile mimea ya mpaka, akamega migomba yake.

Leo kwenye kikao cha kijiji chetu cha Kituntu akachomoa ushahidi: postikadi aliyotumiwa na mtalii aliyepiga picha milima yetu mwaka 1986.

"Mwenyekiti, tazama! Mzungu hana ukoo na mtu hapa."

Mwenyekiti akavaa miwani, akatazama. Kisha akamtazama baba mdogo.

Kwenye picha, mpaka unapita hatua kumi ndani ya shamba analolima baba mdogo leo.

(Miaka yote alikuwa anaangalia milima tu!)

Mama Koku akaipigia goti postikadi: "Shikamoo, mzungu wangu, popote ulipo!"

"Nirudishie, ni kumbukumbu ya familia," baba mdogo akanong'ona.

"Ndiyo maana nakutunzia," mwenyekiti akajibu. Ikaingia kwenye faili.

Kesho tunarudisha mpaka. Nani atashika jembe? Mimi mgongo umeshaanza kuuma.